Kalsiamu ya Mama

Ukiambiwa kwamba moyo wako umeanza kushindwa kazi, watakaokuchosha kwanza si madaktari. Ni wanaokupenda. Naandika haya nikiwa nimeketi wima kwenye kiti cha kawaida, miguu ikiwa ndani ya viatu vyangu mwenyewe, jambo ambalo mwaka jana nisingethubutu kuliahidi. Kama wewe ni mgonjwa, soma polepole, upumzike katikati. Kama wewe ni ndugu wa mgonjwa, soma mara mbili.

Mimi ni mwandishi wa makala, na ninafundisha fasihi katika chuo kimoja hapa Moshi. Nina shahada mbili ambazo hazijawahi kumponya mtu. Mwili ulipoanza kunisaliti, nilifanya kile ambacho wasomi hukifanya: niliutafutia maelezo. Nilipokosa pumzi kwenye ngazi za chuo, nikasema ni umri. Viatu viliponibana jioni, nikasema ni viatu. Nilipoanza kulala nimeegemea mito kama sultani, kwa kuwa nikilala chali nilihisi mtu amenikalia kifuani, nikasema kiti cha ofisini kimeniharibu mgongo. Mke wangu Mwanaidi aliyasikiliza maelezo yote kwa uvumilivu wa mwanamke aliyeolewa na mwandishi. Kisha siku moja, mwanzoni mwa masika, aliubonyeza mguu wangu kwa kidole gumba, juu kidogo ya kifundo. Alipokiondoa kidole, shimo lilibaki. Tulilitazama wote wawili likikaa pale kama alama ya kwato kwenye tope.

"Baba Rehema," akasema, "na hili nalo ni viatu?"

Rehema ni binti yetu, anasoma Dodoma. Jina lake tulilitafuta kwa taabu, tupate ambalo halitamuudhi padri wa Kibosho wala shehe wa mjini. Mwanaidi ni mtoto wa Moshi mjini, Mwislamu, binti wa fundi cherehani ambaye mababu zake walitoka kila upande. Mimi ni Mkatoliki wa Kibosho, mtoto wa kahawa na migomba. Mama yangu alichukua miaka mingi kumzoea mkwe wake. Nilidhani amemzoea.

Ukumbi wa kusubiri wa kliniki ya moyo ni mahali pa kimya, kwa sababu wengi hawana pumzi ya kupigia soga. Tunakaa kwenye mabenchi na faili zetu mapajani, ndala miguuni, maana viatu vilishatukataa. Siku yangu ya kwanza nilikaa karibu na mzee mmoja wa Himo, muuza vitunguu wa jumla, aliyekuwa na shingo nyembamba na tumbo la mja mzito.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ni wa miguu au wa tumbo?"

"Bado miguu."

"Basi bado mgeni. Ukifika tumboni utakuwa mwenyeji, tutakupa kiti cha mbele."

Alicheka mpaka akakosa hewa, na mimi nikacheka kwa adabu, na muuguzi akaja kutuambia tuache kucheka, tutaharibu vipimo. Kliniki iliyofuata nilimtafuta. Kwenye nafasi yake alikuwa amekaa mama mmoja na kapu lake. Nikamuuliza muuguzi.

"Yule wa vitunguu? Alishatangulia," akasema, kisha akaita jina linalofuata. Lilikuwa langu.

Sitakuchosha na majina ya vipimo. Ila kuna maelezo ya daktari ambayo lazima niyaweke hapa, kwa sababu ndiyo yaliyotuponza. Alikuwa dada mdogo kiumri, mwenye sauti ya chini, aina ya mtu anayeweza kukupa habari mbaya huku akikurekebishia kola. Nilimwomba anieleze kwa kina. Mtu mwingine angeuliza atameza nini; mimi nilitaka kwa kina.

"Haya," akasema. "Fikiria wapagazi wa mlimani. Kila moyo unapodunda, mzigo wa kalsiamu unamwagwa ndani ya msuli, na msuli unakaza. Halafu kuna protini ambazo kazi yake ni kuubeba ule mzigo na kuurudisha ghalani haraka, ili msuli ulegee, ujae damu upya. Kwenye moyo uliochoka kama wako, hao wa kurudisha wamepungua. Na mlango wenyewe wa ghala unavuja. Kwa hiyo haukazi vizuri, na kulegea pia haulegei vizuri."

"Kwa hiyo nimepungukiwa kalsiamu?"

"Hapana, unayo ya kutosha. Iko mahali pasipo pake, wakati usio wake."

Niliipenda sentensi hiyo. Nilitoka nayo kama mtu aliyezawadiwa, huku mkononi nina vidonge vya mkojo, vidonge vya presha, na amri ya kuacha chumvi.

Jumapili iliyofuata tulipanda Kibosho kuwapa habari. Mama anaishi kwenye kihamba chetu, shamba la ukoo, na dada yangu mkubwa, Genoveva, mwalimu mstaafu ambaye hajastaafu kusahihisha watu. Nililetewa kiti cha marehemu baba, nikakaa, nikahadhiri. Nilikunja ngumi, nikafungua ngumi. Nikaeleza wapagazi, ghala, mlango. Mama alinisikiliza akichambua maharage kwenye ungo, macho hayatoki kwenye maharage.

"Hiyo kalsiamu ikoje?" akauliza.

"Ni madini, Mama. Kitu cheupe, kama chokaa. Imo kwenye mifupa, kwenye maziwa."

"Nyeupe. Inatoka ardhini."

"Ndiyo."

"Na moyo wako umekakamaa, haulegei."

"Kwa lugha nyepesi, ndivyo hivyo."

Niliifurahia sana lugha yangu nyepesi. Ile sehemu ya kwamba ninayo ya kutosha haikuingia kwenye mhadhara. Chakula kilikuwa kimefika.

Vidonge vya mkojo vilifanya kazi yake. Masika yote niliishi kati ya kitanda na choo, na maji yakatoka mwilini mwangu kama mkutano unaotawanyika. Nilidhani nikishaondokewa na maji nitabaki mimi. Alibaki mtu nisiyemfahamu, mapaja kama miwa, suruali zinashikiliwa na mkanda uliotobolewa matundu mapya kwa msumari. Mwanaidi aliitoa chumvi yote nyumbani. Yeye mwenyewe akaacha kuila, ili nisiwe na mtu wa kumwonea wivu mezani. Pilau yake, ambayo zamani ndiyo iliyonipa ujasiri wa kubishana na ukoo mzima, ikawa na ladha ya gazeti. Tulikula tukitazamana. Ndoa imara huvumilia mengi, lakini nakwambia, wiki kadhaa za mchicha wa maji matupu ni mtihani.

Genoveva alishuka siku moja kuniona, akarudi na ujumbe wa sauti kwenye kundi la familia. Niliusikia na mimi, maana nimo kundini. Alisahau, au hakusahau.

"Ndugu zangu, nimemwona mdogo wetu. Zimebaki nguo zinatembea. Chakula anachopewa kule hata kuku wa kisasa angegoma. Mwenye macho ameona. Mimi sisemi zaidi."

Akasema zaidi, kwa dakika kadhaa. Kesho yake Mama alipiga simu: njoo upande huku ule, upate nguvu. Ilikuwa mwanzo wa kipupwe. Chuo kilikuwa kimenipa likizo, na nakiri nilikuwa na njaa. Mwanaidi hakubisha. Alichukua simu yeye mwenyewe.

"Shikamoo Mama. Naomba kitu kimoja tu. Asiwekewe chumvi."

"Marahaba. Sitamwekea," Mama akasema. "Nimeshika rozari hapa mkononi. Hata punje."

Nataka uelewe kwamba Mama alikitimiza kiapo hicho. Sijawahi kumjua mtu aliyekitimiza kiapo kama yeye.

Kibosho wakati wa kipupwe kuna ukungu mpaka mchana, na baridi inayomwingia mtu hata akiwa na blanketi mbili. Nilikaa jikoni karibu na moto kama mtoto, nikalishwa. Kiburu, yaani ndizi na maharage yaliyopikwa pamoja kwa magadi mpaka yakasahau kama yalikuwa vitu viwili. Mchuzi wa mifupa. Maziwa. Uji asubuhi, ambao kwa mbali ulikuwa na ladha ya sabuni. Hakuna chumvi popote, na bado kila kitu kilikuwa na ladha. Nililia kidogo kwenye bakuli la kwanza, nikasingizia moshi. Ladha ya sabuni niliisikia, lakini nikaendelea kula. Mtu aliyekula gazeti kwa miezi hahoji sabuni.

Kwanza vilivimba tena vifundo vya miguu. Halafu magoti. Genoveva alifurahi: "Ameanza kunenepa." Mama alinibonyeza shavu, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaenda kupika tena. Nilipoanza kukosa hewa nikifunga kamba ya suruali, ukungu ulilaumiwa. Nilipofika tumboni, nikalala nimekaa, midomo ikabadilika rangi, ndipo lawama ikapata mwenyewe. Vidonge vyangu alivileta Mwanaidi kila wiki, katika bahasha, kwa mkono wake. Ukoo ukaanza kuitazama bahasha.

Alipopanda Jumamosi ile, walikuwa wamekaa sebuleni wanamsubiri: Mama, Genoveva, baba mdogo mmoja aliyeitwa ili kikao kiwe na mwanaume mwenye pumzi. Mimi nilikuwa kwenye kiti cha baba, nimejaa kama kiroba. Mwanaidi alinitazama mlangoni, begi likamtoka mkononi.

"Kaa, wifi," Genoveva akasema. "Tunataka kuuliza tu. Kabla hajaja huku, ulikuwa unampa nini?"

"Dawa za hospitali."

"Hizo tumeziona. Tunauliza nyingine."

"Hakuna nyingine, wifi."

"Maana huku kwetu amekula vizuri, na ndiyo kwanza anavimba. Kitu kilichoingia mapema hutoka kwa kuchelewa. Tunajua ninyi watu wa mjini mna wataalamu wenu."

Mwanaidi alimtazama Mama. Si Genoveva, ni Mama. Alingoja. Mama alikuwa na ungo mapajani, na hapakuwa na maharage kwenye ungo. Vidole vyake vikaendelea kuchambua. Nami nilitaka kusema, lakini sentensi yangu ndefu kuliko zote siku hiyo ilikuwa na maneno mawili, nayo yalikuwa "maji" na "hewa".

"Sawa," Mwanaidi akasema. "Mtanihukumu baadaye. Nisaidieni kumbeba."

Barabara ya kushuka unaijua, au huijui na ushukuru. Alinishika kichwa kifuani kwake kwenye kila korongo. Hakuongea na mimi njia nzima. Ni mkono tu uliokuwa unaongea, ukibonyeza kifua changu kila nilipochelewa kuvuta pumzi, kama mtu anayegonga mlango wa jirani aliyelala.

Wodini walinitundikia dawa, wakaniwekea mrija wa mkojo, wakanivalisha oksijeni. Kuhusu mrija sitasema neno, ila kwamba kiburi cha shahada mbili hutoka kupitia hapo hapo. Siku ya tatu hivi niliweza kusikia watu. Mama na Genoveva walikuwa wameshuka kuniona. Mama alikuwa amevaa nguo za kanisani, na mapajani amepakata hotpoti iliyofungwa kitenge, kwa ajili yangu. Mwanaidi alisimama upande wa pili wa kitanda. Kati yao nililala mimi, mpaka wa nchi mbili.

Daktari wetu alikuja, akasoma faili, akauliza swali ambalo huwa wanauliza.

"Tatizo letu ni kujua haya maji yametoka wapi. Chumvi imeingia kwa njia gani?"

"Chumvi hatukumpa," Genoveva akasema, na akanyoosha mgongo. "Hata chembe. Muulize mwenyewe. Sisi tumempa kalsiamu, kama mlivyoagiza."

"Kalsiamu ipi?"

"Ya asili. Mama, mwambie."

Mama alimwelekea daktari kama mtu anayekwenda kupokea komunyo. Alikuwa na fahari, na alikuwa na haya ya kuwa na fahari. "Magadi," akasema. "Kijana wangu alinieleza kwamba moyo umekakamaa, hauna kitu cheupe cha kuulegeza. Mimi nikajua. Maharage yaliyokaa ghalani mpaka yakawa mawe, unatia magadi yanalainika. Nyama ya ng'ombe mzee, hivyo hivyo. Nikamwekea kwenye kiburu, kwenye mchuzi, kwenye uji. Nilipoona bado, nikaongeza."

Kwa wewe ambaye jiko lenu ni kama letu, nakuomba usimame hapa. Chumvi na magadi tunaviweka kwenye vyombo viwili, na kichwani pia tunaviweka kwenye vyombo viwili. Moyo mgonjwa haujui vyombo. Kinachovuta maji kwenye chumvi kimo pia kwenye magadi, tena kwa wingi. Hakuna aliyeniambia kwa sababu hakuna aliyefikiri kuniuliza, nami niliyefaulu kemia ya sekondari sikufikiri kabisa. Ukienda kliniki ukaambiwa acha chumvi, uliza magadi. Uliza hata kama wanaosubiri nyuma yako wananuna.

Daktari alilieleza hilo taratibu, kwa maneno mazuri, bila kumlaumu mtu. Alipomaliza, Mama alikuwa bado amemwelekea.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema.

"Hakuna aliyekusudia, bibi."

"Sikuuliza kukusudia."

Daktari akatazama faili. "Ndiyo," akasema. "Ni hayo magadi."

Mwanaidi alizunguka kitanda. Nilidhani anakwenda kumshika mkono, na nadhani Mama naye alidhani hivyo, maana aliuinua mkono wake kidogo. Mwanaidi alichukua hotpoti kutoka mapajani mwa Mama, akaishika kwa mikono miwili, akaipima uzito, kisha akamrudishia.

"Rudini nayo, Mama," akasema kwa heshima zote. "Mkale nyie wenye mioyo mizima."

Nimeishi na mwanamke huyo zaidi ya nusu ya maisha yangu. Ameninywesha dawa kwa kijiko, ameniosha mahali ambapo mama yangu aliacha kuniosha nikiwa na miaka minne. Alikuwa na haki ya kuisema sentensi ile. Bado, nikiikumbuka, huvuta shuka nikajifunika uso.

Mama alisimama, akaifunga tena hotpoti na kitenge, fundo juu ya fundo. Genoveva alianza kulia kwa sauti, muuguzi akamtoa nje. Mama hakulia. Aliniaga kwa kunitazama miguu.

Nilitoka wodini nikiwa mwepesi tena. Kipupwe kikaisha, vumbi likaja, dawa zikabadilishwa, moja ikanifanya nikohoe, wakaibadilisha kwa nyingine. Vuli ilipoanza niliweza kutembea mpaka dukani na kurudi nikiwa na pumzi ya kusalimia watu. Rehema zipo, nazo niziseme: muuguzi aliyepiga magoti kunifunga kamba za viatu bila kuulizwa, asubuhi ya kwanza niliyolala kwa mto mmoja, wanafunzi walioniletea kiti darasani na kujifanya kwamba kilikuwepo siku zote. Moyo wangu haujapona. Wapagazi hawajarudi wote. Lakini dawa huwasaidia waliobaki, na ninajifunza kutembea kwa mwendo wao.

Genoveva hajamwomba Mwanaidi radhi mpaka leo. Anamtumia mikungu ya ndizi. Mwanaidi anaigawa kwa majirani, wanamshukuru sana.

Mama hakupiga simu. Nikipiga mimi, alikuwa ananiuliza hali, anasema tumshukuru Mungu, anampa simu Genoveva. Kwa hiyo Krismasi, wenye kwao wote walipopanda milimani kutoka Dar na Arusha, nami nilipanda. Mwanaidi hakuja. "Wewe nenda," alisema. "Mimi kule nimeshafika."

Mbuzi wa Krismasi kwetu hagawiwi ovyo. Kila mtu ana kipande chake kulingana na alivyozaliwa na alivyooa, na Mama ndiye anayeita majina na kukabidhi kwa mkono wake. Mwaka huo pia aliita. Aliita wote, mpaka vijukuu, mpaka dereva aliyewaleta. Sebule ilijaa harufu ya kuchoma na kelele za watoto. Nilikaa kwenye kiti changu, na jina langu halikuitwa, na watu wakaanza kula wakitazama sahani zao.

Kisha Mama akatoka jikoni na sinia. Alikuwa amezeeka kuliko miezi iliyopita. Juu ya sinia kulikuwa na ndizi zilizochemshwa zikiwa ndani ya maganda yake, na chupa moja ya maji ya dukani.

"Sijazimenya," akasema. "Utazimenya mwenyewe."

"Mama, kaa tule."

"Nitakula huko."

Lakini hakuondoka. Alisimama mbele yangu, mikono ameifuta na kuificha ndani ya khanga, asije akaonekana amegusa kitu. Akaionyesha chupa kwa kidevu.

"Angalia kifuniko kwanza," akasema. "Ukikuta kimefunguliwa, usinywe."

Nikazungusha kifuniko. Alisubiri mpaka akasikia kile kipete cha plastiki kikikatika, kisha akageuka, akarudi jikoni.